Thibitisha Wewe ni Nani Kwanza, Afande!

Leo naweka kando mambo ya programu na seva nizungumzie simu. Sisemi ile simu mpya iliyotoka juzi na kamera zake tano. Nasema ile inayoita ukiwa sokoni, au ndani ya matatu, au jikoni ukikaanga vitunguu, na sauti nzito inakuambia: "Mimi ni afisa kutoka DCI. Usikate hii simu."

Nitaweka hoja yangu mezani mapema ili asiyekubaliana nami ajue anabishana na nini. Wanaoibiwa na polisi bandia wa simu si wajinga, na kila siku kuwaambia "kuweni macho" hakutoshi. Wanaibiwa kwa sababu mbili ambazo hawakuzileta wao. Ya kwanza ni kwamba simu yenyewe haikuundwa kumthibitisha anayepiga. Ya pili ni kwamba polisi bandia anakopa hofu iliyojengwa na baadhi ya polisi wa kweli. Ukizielewa sababu hizi mbili, kujikinga si kazi ngumu hata kidogo.

Tuanze na simu zenyewe. Hapa Kenya zinakuja kwa sura kadhaa, na bila shaka umewahi kusikia mojawapo.

Kuna ile ya mzazi. "Mama, naongea kutoka kituo cha polisi. Kijana wako amekamatwa na wenzake wakiwa na bangi. Wenzake wameshatoa pesa ya bondi wakaenda. Sasa amebaki yeye, na gari la kwenda kortini linaondoka saa hii." Nyuma ya sauti hiyo unasikia mtu akilia.

Kuna ile ya laini. "Laini yako ilipokea pesa za utekaji nyara. Jina lako na nambari ya kitambulisho tuko nazo hapa." Kisha anakusomea, na kweli ni zako!

Kuna ile ya simu ya wizi. "Hiyo simu unayotumia mwenyewe aliuawa. Tumekufuatilia kwa nambari ya IMEI. Unataka tuje tukuchukue ama tuongee kama watu wazima?"

Na kuna ile ya mtu aliyeibiwa pikipiki au aliyepoteza vyeti akaweka tangazo. "Tumepata mali yako. Tuma kitu ya mafuta tukuletee."

Sura ni nyingi lakini mifupa ni ile ile. Kwanza cheo, halafu hofu, halafu haraka, halafu siri ("usimwambie mtu, utaharibu upelelezi"), na mwisho kabisa pesa au nambari ya siri. Ukikutana na vitu hivyo vitano katika simu moja, huna haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta kujua unaongea na nani.

Wakenya tukisikia habari hizi tunafikiria Kamiti, au Mulot kule mpakani mwa Bomet na Narok. Lakini mchezo huu ni biashara ya dunia nzima, na sura yake moja iliandikwa hapa hapa Nairobi. Mwishoni mwa 2014, moto ulizuka katika nyumba moja mtaa wa Runda. Polisi walipofuatilia walifika katika nyumba zilizojaa vifaa vya simu na kompyuta, wakakamata watu 77. Ilipofika Aprili 2016, Kenya ilisafirisha hadi China watuhumiwa wa utapeli wa simu, na 45 kati yao walikuwa watu wa Taiwan, jambo lililozua ugomvi mkubwa kati ya Taipei na Beijing. Polisi wa China walisema genge hilo lilikuwa linapigia watu wa China simu likijifanya maafisa wa sheria. Desemba 2017 mahakama ya Beijing iliwafunga, wengine hadi miaka 15.

Hebu fikiria hapo kidogo. Mama mmoja kule China anapigiwa simu na "polisi wa mji wake", anatetemeka, anatuma akiba yake yote, na huyo polisi yuko Nairobi! Simu haikumwambia lolote kuhusu hilo.

Au tutazame India. Kule wameupa utapeli huu jina la "kukamatwa kidijitali". Tapeli anakupigia kwa video akiwa amevaa sare, nyuma yake kuna bendera na nembo, anakuamuru usiondoke mbele ya kamera mpaka upelelezi uishe. Agosti 2024, mwenyekiti wa kampuni kubwa ya nguo ya Vardhman, S. P. Oswal, mzee wa miaka 82, alitapeliwa rupia milioni 70. Walijifanya wapelelezi wa CBI na wakamtengenezea hata kikao bandia cha Mahakama ya Juu, na mtu akiigiza kuwa Jaji Mkuu. Mambo yalizidi hadi Oktoba 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi akalizungumzia katika kipindi chake cha redio, akawaambia wananchi kwamba hakuna kitu kama hicho katika sheria ya India.

Mwenyekiti wa kampuni kubwa ana mawakili na wahasibu. Kama yeye alinaswa, tafadhali tuache kumcheka mama wa Kakamega aliyetuma elfu sita za "bondi".

Sasa nije kwenye fani yangu. Sisi tunaotengeneza programu tuna kanuni moja ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa: mtu kusema jina lake si uthibitisho. Ukiandika jina langu kwenye tovuti ya benki, mashine haikufungulii mlango. Inadai neno la siri, kisha nambari inayotumwa kwenye simu yangu. Na si hivyo tu, tovuti nayo inajithibitisha kwako. Ile kufuli ndogo unayoiona kwenye kivinjari maana yake ni kwamba anwani uliyoifungua imeonyesha cheti chake kabla wewe hujaonyesha chako. Uthibitisho unaenda pande mbili.

Kwenye simu, mambo yamegeuzwa juu chini. Anayepiga ndiye anayekuhoji! Taja jina lako, taja kitambulisho, taja salio. Yeye amethibitisha nini? Ametaja cheo tu.

"Lakini nambari yake niliiona!" Haya, tuangalie nambari. Mitandao ya simu kwa miaka mingi imezungumza kwa mfumo uitwao SS7, uliobuniwa miaka ya 1970 na 1980. Wakati ule kampuni za simu zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za serikali, basi kampuni moja ilimwamini mwenziwe. Nambari inayotokea kwenye kioo chako ni maelezo yanayojazwa upande wa anayepiga, kama vile mtu anavyoandika jina la mtumaji nyuma ya bahasha. Posta haiendi kuuliza kama kweli ni yeye. Marekani walitunga sheria mwaka 2019, na tangu Juni 30, 2021 kampuni kubwa za kule zinalazimika kuweka sahihi ya kidijitali kwenye simu zinazopita kwa intaneti. Hata hivyo sahihi hiyo inathibitisha nambari tu. Haithibitishi kama mwenye nambari ni askari au ni mwizi.

Na hapa kwetu tapeli wala hahitaji ufundi wote huo. Laini ya kawaida inamtosha. Ni kweli kanuni zinataka kila laini isajiliwe, lakini kusajiliwa si lazima iwe kwa kitambulisho cha anayeitumia. Bonyeza *106# leo uone ni laini ngapi ziko chini ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafungwe.

"Basi Truecaller iliniandikia OCS!" Truecaller inaonyesha jina ambalo watu wameipa nambari hiyo. Marafiki kumi wakiamua kuniita Rais wa Zanzibar, nitatokea hivyo. Picha ya nembo ya polisi kwenye WhatsApp? Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuipakua na kuiweka.

"Lakini alijua kitambulisho changu!" Ndugu yangu, kumbuka ni mageti mangapi ya Nairobi umeandika jina, kitambulisho na nambari ya simu kwenye daftari la bawabu mwezi huu. Ongeza mabango ya harambee, matangazo ya vifo yenye nambari za kamati, na mabango ya vyeti vilivyopotea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini daftari bado liko wazi mezani na kalamu imefungwa kwa kamba. Mtu kujua habari zako kunathibitisha kwamba habari zako zimezagaa. Hakuthibitishi kwamba yeye ni polisi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili inauma zaidi, na najua kuna watakaonikasirikia.

Kwa nini Mkenya anaamini kwamba polisi anaweza kumpigia simu na kumtaka atume pesa ili mambo yaishe? Kwa sababu amekwisha kuona mambo yakiisha hivyo. Tangu tukiwa watoto tumeona makanga akimpa askari mkono pale kwenye kizuizi na gari likaendelea. Lugha yenyewe tunaijua: kitu kidogo, chai, "ongea vizuri", "tusaidiane". Tapeli hakutunga lugha hiyo, ameiokota. Katika nchi ambayo askari hajawahi kusikika akiomba hongo, simu ya "tuma elfu tano tufunge faili" ingekatwa kwa kicheko. Hapa kwetu inasikika kama Jumanne ya kawaida. Na mzazi akisikia mwanawe yuko seli, haogopi korti. Anaogopa kitakachompata humo kabla ya korti. Hofu hiyo haikuletwa na tapeli.

Ndiyo maana nasema kampeni za "jihadhari na matapeli" bila kusafisha vituo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Basi sheria inasema nini? Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Lazima afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Na ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Soma kifungu chote, hutakuta neno kuhusu kutuma pesa kwa simu ya afisa. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi, hailipiwi. Dhamana ya pesa ni pesa zinazowekwa kisha zinarudishwa kesi ikiisha, na unapewa risiti. Pesa isiyo na risiti inayoenda kwa simu ya mtu binafsi haiwezi kuwa dhamana, hata ikiitwa hivyo kwa sauti nzito namna gani.

Niseme ukweli: polisi wa kweli hupiga simu. Mpelelezi anaweza kukupigia kwa laini yake ya kawaida akakuita uandikishe taarifa. Kwa hiyo kusema "polisi hawapigi simu" ni ushauri mbaya. Tofauti iko mwisho wa safari. Polisi wa kweli anataka ufike kituoni. Polisi bandia anataka ufanye lolote lile ila kufika kituoni. Kanuni ni hiyo, na ukisahau mengine yote niliyoandika, shika hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Sema, "Sawa afande, nitakuja kituoni. Ni kituo gani?" Kisha kata simu. Kukata simu si kosa la jinai. Hakuna sheria inayosema ukikata unaongezewa shtaka.

2. Usimwombe jina na nambari ya kazi ukadhani umemthibitisha. Atakupa vyote, na nambari ya OB juu yake. Uthibitisho lazima upitie njia nyingine uliyoichagua wewe. Nenda kituoni, au mtume jamaa aliye karibu, au pata nambari ya kituo kwa mtu unayemjua. Usipige ile aliyokupa yeye. DCI wana nambari ya bure, 0800 722 203. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112.

3. Kama ni habari ya mtoto, mpigie mtoto mwenyewe, kisha shule, kisha rafiki zake. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kipande kifupi cha sauti yake, basi kilio unachosikia si ushahidi. Kubalianeni nyumbani neno moja la siri la familia. Liwe la kawaida, kama jina la ng'ombe wa babu.

4. Kama ni "simu ya wizi", jibu, "Naileta kituoni na risiti yangu." Utashangaa afande atakavyopoteza hamu ya kuiona.

5. Nambari ya siri ya M-Pesa, nambari ya kuthibitisha inayokuja kwa ujumbe, na msimbo wowote unaoambiwa ubonyeze: usimpe mtu, usibonyeze. Misimbo inayoanza na *21* huelekeza simu zako kwa nambari nyingine. Ukihisi umebonyezeshwa kitu, piga ##002# kufuta maelekezo yote.

6. Atakayejifanya wa Safaricom baada ya "polisi" kukata (mara nyingi wanafanya kazi wawili wawili), kumbuka kampuni hiyo imesema mara nyingi kwamba inawapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Na kwa kuwa tumeona nambari inaweza kuigwa, hata hiyo isikufanye utaje siri yako.

7. Kama pesa zimeshaenda, usikae ukiona haya. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kisha piga huduma kwa wateja. Kila dakika ni muhimu, kwani pesa zikishatolewa kwa wakala hazirudi kwa njia hiyo. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu. Nenda kituoni uandikishe, upate nambari ya OB ya kweli. Jumbe za kitapeli zitume kwa 333.

Je, kama anayeomba pesa ni polisi wa kweli kabisa? Jibu halibadiliki. Hiyo ni hongo chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na EACC wana nambari ya bure 1551. Huo ndio uzuri wa kanuni hii: huhitaji kujua kama ni wa kweli au bandia ili ufanye jambo sahihi.

Lakini sitaki tubebeshe mwananchi mzigo wote. Huduma ya Taifa ya Polisi nayo ina kazi. Kila kituo kiwe na nambari moja rasmi, ibandikwe ukutani na iwekwe kwenye tovuti moja inayoaminika, na ipokelewe ikipigwa usiku. Kila Mkenya aambiwe wazi, kwa redio za lugha zote, kwamba hakuna pesa ya polisi inayotumwa kwa laini ya mtu. Serikali ilipotaka tulipie huduma zake kwa paybill moja, 222222, ilitufundisha upesi sana! Inaweza kutufundisha na hili. Na afisa anayeomba "kitu" kwa simu afikishwe kortini hadharani, ili siku moja ombi lenyewe lisikike geni masikioni mwetu.

Kampuni za simu nazo zinaona jinsi laini moja inavyopigia watu mia mbili wasiojuana kwa siku. Sisi wa programu tunajua kutambua mwenendo kama huo si sayansi ya ajabu. Waonyeshe onyo kwenye kioo kabla mtu hajatuma pesa kwa laini iliyoripotiwa mara nyingi.

Mpaka hayo yatimie, kazi ni kwetu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na tapeli analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hakupi hata dakika ya kumeza mate. Jioni hii mpigie mama au mzee nyumbani. Usimhutubie kuhusu SS7. Mwambie sentensi moja tu: polisi akikupigia akataka pesa, mwambie unakuja kituoni, ukate, unipigie mimi kwanza.